Uzi wa Kijani

Wiki ile ya msako walinijia kwa foleni:
makondakta, mwenye teksi wa Tudor,
hata dereva wa gari la maiti,
"Mimi pia hunisimamisha, fundi."
Wote na neno moja:
nishonee wa kuonekana tu.

Nikashona.
Mimi mshona viti, Majengo, nyuma ya kinu cha unga.
Utepe niliununua kwa vijana wa Kilindini,
mikanda iliyofunga shehena melini,
iliyoshika matrekta yasiteleze bahari ikichafuka.
Nikaikata vipande, nikaipachika kwenye kitambaa cha kiti.
Kitambaa, nasema. Si chuma.
Mishono minane, uzi wa kijani, mweusi ulikuwa umeniishia.
Mia mbili hamsini.
Viti kumi na vinne, tunazungumza.

Askari akichungulia dirishani
aliona vifua vimepigwa mstari mshazari,
akarudisha leseni: haya, nendeni.
Mkanda wangu ulimfunga askari macho.
Abiria haukumfunga.

Mmoja tu alinisumbua,
Mbeyu Kalume, mwenye Probox ya nyanya,
Kongowea hadi hoteli za Mtwapa.
Aliuvuta, ukamfuata mkononi.
"Huu ushanga, fundi. Shanga ninazo nyumbani."
Akataka bolti, akataka sakafu itobolewe.
Nikamwambia hiyo kazi ya saa nzima.
"Saa ninayo."
Akakaa kwenye stuli yangu anamung'unya mabuyu,
anatema mbegu moja moja karibu na mguu wangu
mpaka nikamaliza.

Kisha akaja Koplo Jerotich, wa kizuizi cha Kibarani.
Huyo hachungulii.
Hutia mkono dirishani, huvuta mara moja.
Alhamisi baada ya alasiri akaingia na gunia,
akalimimina juu ya meza yangu:
mikanda kumi na mmoja,
imelala kama mikunga iliyokufa.
"Nimeing'oa kwa mkono wa kushoto," akasema.
"Wa kulia ulishika daftari."
Akagusa mshono kwa ukucha.
"Uzi wa kijani. Nimeuulizia mji mzima."

Nikanyoosha mikono anitie pingu.

Hakunitia. Alitoa mfukoni mkanda wa kumi na mbili,
umekatwa katikati, kwa kisu.
"Huu ulikataa kutoka.
Gari limebiringika mara tatu mtelemko wa Mtopanga,
nyanya zimetapakaa hadi mlangoni mwa duka la saruji,
watu wakapiga mayowe wakidhani ni damu.
Mwenyewe alikuwa ananing'inia kichwa chini,
anawatukana wanaokanyaga mali yake."
"Yu hai?"
"Yuko Makadara. Mfupa wa bega.
Anailalamikia chai ya hospitali."

Nilihesabu mishono. Minane.
Uzi uleule, mkono uleule, utepe wa meli ileile.
Tofauti ni tundu moja la sakafuni
na mwanamke aliyekataa kuinuka kwenye stuli.

Koplo aliondoka na jina langu daftarini.
Hakusema atalifanyia nini.
Gunia aliniachia.

Sikulala vizuri. Nilifikiria wale kumi na mmoja,
halafu nikafikiria wale ambao hakuwavuta,
wanaopita Makupa sasa hivi, asubuhi na jioni,
mtu ameegemea dirisha, amesinzia,
kifuani amevaa kazi yangu.

Leo asubuhi kaja kijana wa fulana ya zambarau.
"Fundi, wa kuonekana tu."
Nikamwonyesha drili, nikamwonyesha bolti.
"Saa nzima? Na msako unaisha kesho?"
Alinitazama kama aliyeuziwa samaki wa juzi,
akavuka barabara.

Nikaketi kwenye stuli.
Chini yake bado pana mbegu za mabuyu.
Ng'ambo, cherehani ya Shebwana ikaanza kulia,
kwa haraka, ya kitambaani.
Minane. Nilihesabu.